Usiende kwa bingwa wa kongosho mikono mitupu

Na Mwandishi Wetu

Karatasi ya altrasaundi ina mistari michache tu. Ini halina tatizo. Figo hazina tatizo. Wengu nao hauna tatizo. Mstari wa mwisho ndio unaomnyima mtu usingizi: kongosho limeonekana nusu, kichwani pana kivuli kisichoeleweka, mkia umefunikwa na gesi. Mgonjwa apigwe CT-Scan, kisha aonwe na daktari bingwa.

Kwenye mabenchi ya kliniki za mfumo wa chakula, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, karatasi za namna hii hufika ndani ya bahasha za kaki zilizolainika kwa kushikwashikwa. Mwenye bahasha ameisoma karatasi hadi ameikariri. Amempigia mtoto wa dada yake anayesomea uuguzi. Usiku, watu wakishalala, ameiuliza simu, na simu imemjibu: saratani.

Siku ya miadi inafika. Mlango unafunguliwa, anaingia, na mara nyingi mazungumzo huanza hivi:

"Maumivu yalianza lini, mzee wangu?"

"Ni muda sasa, daktari."

"Muda gani? Kabla ya Ramadhani au baada?"

Mzee anamgeukia binti aliyemsindikiza. Binti naye hajui. CD ya picha imebaki hospitali ya mkoa. Majibu ya damu ya kwanza yako kwa shangazi, Morogoro. Dakika alizopewa zinaishia kwenye kutafuta mambo ambayo yangeandikwa nyumbani kwa kalamu na daftari, naye anatoka na miadi nyingine ya mwezi ujao.

Makala haya yanahusu wiki zile zilizo kati ya karatasi na mlango. Wengi huzimaliza kwa hofu, wengine kwa dawa za kila anayejitokeza kushauri. Kwa ugonjwa wa kongosho usiojulikana bado, wiki hizo zinaweza kuamua kama bingwa atafikia jibu mapema au ataanza upya kila kitu.

Kiungo kilichojificha

Kongosho limekingama nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, na urefu wake ni kama sentimita 15. Kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, mkia wake unafika kwenye wengu. Linatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na linatoa insulini inayodhibiti sukari mwilini. Mrija wa nyongo unaotoka kwenye ini hupitia kichwani mwake kabla ya kumwaga nyongo kwenye utumbo. Ndiyo maana tatizo la kichwa cha kongosho linaweza kujitokeza kwanza machoni: macho yanakuwa ya njano, mkojo unakolea kama chai ya rangi, choo kinapauka na ngozi inawasha.

Utata unatokana na mahali lilipo. Mawimbi ya altrasaundi ya kawaida huingia kwa mbele ya tumbo, na hayapenyi gesi. Mtu akiwa amekula, akiwa na gesi nyingi au mafuta mengi tumboni, daktari wa picha ataona sehemu tu ya kongosho. Kwa hiyo maneno "halikuonekana vizuri" yanaeleza mipaka ya kipimo. Hayasemi kwamba kongosho ni gonjwa, wala kwamba ni zima.

Damu nayo ina saa yake. Ili daktari aseme kongosho limevimba ghafla, miongozo ya kimataifa iliyorekebishwa mwaka 2012 inataka mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya aina yake, ambayo hukaa chembe cha moyo na mara nyingi hutokea mgongoni, kimeng'enya cha lipasi au amilasi kupanda angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na picha inayoonyesha uvimbe huo. Lakini amilasi hushuka ndani ya siku tatu hadi tano. Lipasi hudumu zaidi, wiki moja hadi mbili.

Sasa fikiria mtu wa kwetu. Maumivu ya chembe cha moyo yakimshika, kwanza hutibiwa vidonda vya tumbo. Yasipopoa, hutibiwa taifodi. Damu ya kupima kongosho inachukuliwa wiki mbili baadaye na majibu yanatoka safi. Bingwa anayeona majibu safi bila kujua siku yaliyochukuliwa atakwenda njia isiyo sahihi, na kosa halitakuwa lake.

> Majibu safi ya damu hayana maana kamili mpaka ujue yalichukuliwa siku ya ngapi ya maumivu.

Picha moja, historia mbili

Chukua mfano wa kifuko cha maji kwenye kongosho. CT-Scan inaonyesha duara la sentimita tatu, limejaa majimaji. Picha hiyohiyo inaweza kuwa ya watu wawili tofauti kabisa.

Wa kwanza alilazwa mwaka jana kwa maumivu makali ya tumbo, akatapika siku tatu, akawekewa dripu na kupona. Kwake, kifuko hicho huenda ni masalia ya uvimbe ule, aina inayojijenga baada ya wiki nne hivi na ambayo mara nyingi huisha yenyewe. Wa pili hajawahi kuumwa tumbo maishani, na kifuko kimeonekana kwa bahati wakati akichunguzwa figo. Huyu, daktari atamfikiria tofauti: kuna vifuko visivyo na madhara yoyote, na kuna vile vyenye ute ambavyo baadhi yake hugeuka saratani miaka ikipita. Atahitaji MRI, pengine endoskopi yenye altrasaundi kwenye ncha, na ratiba ya kufuatiliwa.

Mashine haikuwatofautisha watu hawa. Aliyewatofautisha ni mgonjwa aliyekumbuka kusema, "Daktari, mwaka jana nililazwa."

Mambo ni yaleyale kwa uvimbe mgumu. Saratani ya kongosho ipo na ni kali: duniani watu zaidi ya 500,000 waligundulika nayo mwaka 2022, na kwa takwimu za Marekani ni takriban 13 tu kati ya 100 wanaoishi miaka mitano. Hakuna sababu ya kumficha msomaji hilo. Lakini kuna magonjwa mengine yanayovaa sura yake. Kuna kongosho linaloshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, ambalo hujibu vizuri dawa za steroidi. Kuna kifua kikuu cha kongosho, nadra, lakini katika nchi zetu hakiwezi kusahaulika. Kuna kongosho lililovimba kwa miaka mingi hadi likakakamaa na kuota mawe.

Hata neno saratani lenyewe linabeba magonjwa zaidi ya moja. Steve Jobs wa Apple aligunduliwa mwaka 2003 akiwa na uvimbe wa chembechembe zinazotoa homoni, aina inayokwenda polepole, akafariki mwaka 2011. Mwigizaji Patrick Swayze alikuwa na aina iliyozoeleka zaidi na kali zaidi. Aligunduliwa Januari 2008, akafariki Septemba 2009. Mtu aliyeambiwa "saratani ya kongosho" ana haki ya kuuliza papo hapo: aina gani?

Na kipimo cha damu cha CA 19-9, ambacho maabara nyingi za mijini sasa zinacho, kisimtie mtu wazimu. Hupanda pia mrija wa nyongo ukiziba kwa mawe tu. Na wapo watu, kati ya 5 na 10 kwa kila 100, ambao miili yao haitengenezi kabisa kitu hicho kinachopimwa, hata wakiwa na saratani.

Maswali yanayotia haya

Bingwa atauliza kuhusu pombe. Atamuuliza shekhe, atamuuliza mchungaji, atamuuliza bibi wa miaka 70. Asichukie mtu. Vijiwe vya nyongo na pombe ndivyo visababishi viwili vikubwa vya kongosho kuvimba ghafla, na daktari hawezi kuruka kimoja kwa kuangalia kanzu au kitenge.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mgonjwa ameingia na mkwe wake, au na binti aliyemlea kwa kumwambia pombe ni haramu. Mbele ya mashahidi hao jibu linakuwa "zamani kidogo". Zamani ni lini, na kidogo ni kiasi gani? Omba kubaki na daktari peke yako kwa dakika mbili. Sema kwa vipimo unavyovijua: chupa ngapi za bia kwa jioni, vikombe vingapi vya mbege, bilauri ngapi za gongo, kwa miaka mingapi. Sigara nazo zitajwe, kwa sababu zinaharibu kongosho hata bila pombe.

Upande wa pili, dhana kwamba haya ni maradhi ya walevi imewaumiza wengi wasiowahi kuonja. Mwaka 1959 daktari Zuidema alieleza kutoka Indonesia wagonjwa wenye kisukari na mawe kwenye kongosho, watu maskini wasio na historia ya ulevi. Baada yake, madaktari wa Mulago, Kampala, nao waliandika kuhusu kongosho sugu kwa wagonjwa wao. Mafuta aina ya trigliseridi yakizidi mno kwenye damu huvimbisha kongosho. Matubwitubwi huvimbisha. Mnyoo mkubwa wa tumboni ukipanda kwenye mrija huvimbisha. Kurithi kupo pia, kwa hiyo uliza kwenye ukoo nani alikufa "kwa tumbo" na nani alipata kisukari ghafla.

Dawa ni sura nyingine. Baadhi ya dawa za kifafa, dawa za kushusha kinga ya mwili na ARV za zamani kama didanosine zinajulikana kuvimbisha kongosho. Mtu anayeficha kadi yake ya CTC, yaani ya kliniki ya VVU, anamnyima bingwa kitu muhimu kuliko picha. Hivyohivyo miti shamba: chukua mfuko wenyewe, au chupa yenyewe, uende nayo. Daktari akigomba, agombe. Afadhali agombe akijua.

Daftari la kurasa mbili

Ushauri wangu ni wa bei ya daftari. Ukurasa wa kwanza uandikwe kwa tarehe, kuanzia siku ya kwanza ya maumivu hadi leo. Kama hukumbuki tarehe, tumia matukio: wiki ya msiba wa mjomba, mwezi watoto walipofunga shule. Andika maumivu yalikaa wapi, yalidumu saa ngapi, yalizidi baada ya chakula gani, ulikunywa dawa gani na ilisaidia au la.

Uzito uwe na namba. Kama huna mzani, angalia mkanda wa suruali: umesogea matundu mangapi tangu mwaka jana? Choo pia kisemwe bila aibu. Choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka kupita kawaida, kinachogoma kuondoka kwa maji, kinaonyesha kwamba huenda vimeng'enya havitoshi, na kuna vidonge vya kuviongeza. Kisukari kilichoanza baada ya miaka 50 huku mtu akikonda nacho kitajwe. Wengi wa watu hao hawana saratani, lakini mambo hayo mawili yakikutana bingwa anapaswa kuyasikia.

Ukurasa wa pili ni wa maswali, na usizidi matano, kwa sababu muda hautatosha. Ningeanza na haya: Ni magonjwa gani unayoyafikiria, na lipi liko mbele? Unasema kongosho zima limevimba, au kuna kitu kimeota ndani yake? Kipimo kinachofuata kitabadilisha nini katika matibabu? Tukisubiri miezi mitatu, tunahatarisha nini? Dalili gani ikinitokea nisisubiri miadi?

Kabla ya CT-Scan, mwambie mpimaji kama una ugonjwa wa figo, unatumia metformin, una ujauzito au uliwahi kupata mzio wa dawa inayochomwa mshipani ili picha ing'are. Kabla ya MRI, taja chuma chochote kilichomo mwilini. Na piga simu siku moja kabla kuuliza kama unatakiwa uende bila kula. Watu wamerudishwa Mbeya kutoka Dar es Salaam kwa sababu ya chapati moja ya asubuhi.

> Usisubiri miadi: maumivu makali na kutapika kusikokoma, homa pamoja na macho ya njano, kutapika damu, kuzimia, au sukari kupanda kupita kiasi. Nenda dharura siku hiyohiyo.

Kinyama, kisu au subira

Hapa ndipo wataalamu wenyewe wanapovutana, na mgonjwa anapaswa kujua kwamba mvutano huo ni wa kweli.

Watu wengi huamini kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe na kuchunguzwa maabara, ndicho hukumu ya mwisho. Kwenye kongosho sivyo. Picha ikionyesha wazi uvimbe unaofanana na saratani na unaoweza kuondolewa, miongozo inaruhusu upasuaji bila kusubiri kinyama, kwa kuwa sindano inaweza kukosa mahali penyewe na kurudisha majibu safi ya uongo. Wanaopinga haraka hiyo wana hoja nzito pia: mwenye kongosho linaloshambuliwa na kinga yake angepona kwa vidonge, na operesheni yenyewe si ndogo. Ile ya Whipple, iliyopewa jina la Mmarekani Allen Whipple aliyeieleza mwaka 1935, huondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na sehemu ya mrija wake. Kama matibabu yataanza kwa dawa za saratani, basi kinyama ni lazima.

Kwa maoni yangu, swali zito kuliko yote ni lile ambalo wagonjwa wetu huona ni utovu wa adabu: hospitali hii inafanya operesheni hizi ngapi kwa mwaka? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikuta kwamba katika hospitali zinazofanya upasuaji wa kongosho mara chache sana, wagonjwa 16 kati ya 100 walifariki; katika zile zinazofanya mara nyingi, hawakufika wanne. Daktari mzuri halichukii swali hilo. Liulize kwa heshima, ukianza na "samahani daktari", lakini uliulize.

Subira nayo ni matibabu. Kifuko kidogo kisicho na dalili mbaya hufuatiliwa kwa picha baada ya miezi sita au mwaka. Ndugu huona ni uzembe na huanza kuchangisha nauli ya India. India wapo mabingwa wakubwa, na wapo wanaohitaji kwenda. Ila picha zinaweza kutangulia. Zitumwe kwanza, zisomwe na jopo, kisha familia iamue kama kuna sababu ya kuuza kiwanja.

Nani aambiwe

Kuna jambo linalofanyika kimyakimya kwenye korido. Mtoto mkubwa anamfuata daktari kabla mgonjwa hajaingia: "Tafadhali daktari, mama asiambiwe." Anafanya hivyo kwa upendo, na madaktari wengi hukubali.

Nakubali kwamba familia inamjua mgonjwa wake kuliko hospitali. Sikubali kwamba mtu mwenye akili timamu azungukwe na siri inayohusu tumbo lake mwenyewe. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa taarifa za hali yake, na Hati ya Haki za Wagonjwa ya mwaka 2013 inampa nafasi ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kwenye ugonjwa usiojulikana bado, siri hudhuru zaidi, kwa sababu anayefichwa ndiye mwenye majibu ya maswali ya daktari.

Njia nyepesi ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe kabla ya siku ya miadi: mama, ungependa kuambiwa yote, au ungependa aambiwe mmoja wetu? Wapo watakaosema, "Aambiwe kaka yenu." Hilo nalo ni jibu, na liheshimiwe. Mmoja tu aingie naye, awe na daftari, aandike anachosema daktari neno kwa neno.

Picha ni za mgonjwa

Limebaki jambo moja ambalo mgonjwa hawezi kulitatua peke yake. Karatasi ya majibu ni maoni ya aliyesoma picha siku ile, pengine akiwa hana historia yoyote mbele yake. Bingwa wa kongosho anataka kuiona picha yenyewe, kila mkato, na kuilinganisha na ya zamani. Hata hivyo bado kuna vituo vinavyomruhusu mgonjwa aondoke na karatasi pekee, na akiirudia CD anaambiwa mfumo uko chini au aandike barua. Matokeo yake CT-Scan inarudiwa, mionzi inarudiwa, na pesa ya ada ya mtoto inaliwa mara ya pili.

Wizara za afya za nchi zetu zina uwezo wa kulimaliza hili kwa waraka mmoja: kila anayepigwa CT-Scan au MRI atoke siku hiyohiyo na nakala ya picha zake, bila kuomba na bila malipo ya ziada. Mpaka waraka huo utoke, wewe unayesubiri miadi, au unayemsindikiza mzazi, usiondoke dirishani bila CD.